Kidonda Kilichoombewa Radhi Mtaa Mzima

Mwanangu Athumani,

Salamu nakutumia kutoka upande wa pili wa ukuta. Hali yangu unaijua, maana ndiyo tuliyoigombania mchana kutwa. Ama baada ya salamu, rudisha nguo zako kwenye begi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kusema nimeshindwa. Ulimi huu niliobakiwa nao, ukitulia, unanitosha: naagiza nazi, naitikia hodi, nafukuza kuku. Lakini nikipanda hasira maneno yanatoka yamelowa, na leo nilipokuambia "safari ni safari, usinisumbue" wewe na baba yako mliangaliana mkabana midomo msicheke. Niliwaona. Najua herufi zangu zote za sini zimegeuka thaa, kila s ni th. Mwalimu wa madrasa mwenyewe kasema thaa yangu sasa ndiyo safi kuliko zote hapa Kivinje, shida ni kwamba naitia mpaka kwenye samaki. Basi nimengoja uende kuangalia mpira, nimekaa hapa jikoni na karatasi, na humu huwezi kunikatiza.

Sitakuambia uvae sweta. Baridi ya Mbeya itakuambia yenyewe. Wala sitakuambia ule vizuri, usali, uchague marafiki, hayo umeyasikia tangu unanyonya na masikio yako yameshafanya sugu. Habari za wasichana baba yako amesema atazungumza na wewe mwenyewe, na kwa ninavyomjua atakohoa, atatengeneza kofia, kisha atakuuliza mpira ulikuwaje.

Mimi nataka tuzungumze habari ya mdomo wangu.

Jana baba yako alipokalia sinia la mchele niliouanika, akainuka na punje zimeganda nyuma ya msuli, nilicheka mpaka nikafumbua mdomo wote. Siku hizi sifanyi hivyo mbele ya watu, lakini yule mzee ananiponza. Wewe ulikuwa unacheka pia, halafu ukaacha. Ukatoa simu, ukawasha tochi, ukanijia kama askari aliyesimamisha lori. "Mama, hebu fumbua tena." Nikafunga. Nilikuwa nimechelewa. Ulikuwa umeshaliona lile doa jeupe ndani ya shavu la kushoto, upande ule ambao hawakuukata. Asubuhi nikakukuta unatoa nguo kwenye begi moja moja, unazikunja, unazirudisha kabatini, kabati ambalo miaka yote nimekubembeleza uweke nguo humo ukakataa. "Siendi, mama. Chuo kitakuwepo hata mwakani."

Chuo kitakuwepo, mwanangu. Nafasi yako haitakuwepo. Wamesema wazi, asiyeripoti amejiondoa mwenyewe. Na wewe si kwamba unakwenda kusomea kitu chochote, unakwenda kusomea utabibu wa meno na kinywa. Unataka kuacha kusomea midomo ya watu ili ukae nyumbani uuangalie mdomo wa mama yako kwa tochi ya simu. Hivi kweli akili yako ilikuwa wapi?

Wewe mambo yalipotokea ulikuwa bweni, Lindi. Ukayapata vipande vipande, kila mtu na chumvi yake. Leo yapokee kwa mwenyewe.

Tambuu nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, kwenye harusi, nikiwa mwali mdogo. Jani, chokaa, popoo, na tumbaku kidogo ya kuichangamsha. Ilikuwa ni utu uzima ule, bwana! Mwanamke mwenye tambuu shavuni alikuwa ameshamaliza kutumwa, sasa yeye ndiye anayetuma. Nilipoolewa na baba yako nilikuwa siwezi kukoroga unga wa vitumbua bila kuwa na kitu shavuni. Hakuna aliyeniambia ni vibaya. Nani angeniambia? Walioniona wote walikuwa wanatafuna.

Na mdomo wenyewe, Mungu anisamehe, haukuwa wa kukaa bure. Kile kibanda changu cha vitumbua kiko pale zinapogeuzia haisi za Masoko. Anayeshuka ananipa habari, anayepanda namkabidhi. Kufika adhuhuri, jambo lililotokea Kivinje alfajiri lilikuwa limeshafika Masoko, limekunywa chai na limerudi likiwa limenenepa. Watu walisema, "Mama Athumani ana mdomo." Na kwetu, unajua, mtu akisema fulani ana mdomo hakuna anayefikiria meno. Hilo neno ndilo lililotaka kuniua.

Kidonda kilianza pembeni mwa ulimi, upande wa kulia, kidogo tu. Nikasema ni chai ya moto. Nikasukutua maji ya chumvi. Nikatia karafuu, nikatia asali. Nikanunua ile dawa ya zambarau, nikapaka, nikauza vitumbua wiki nzima mdomo kama bilinganya na wateja wananiuliza nimekula nini. Kidonda kimetulia pale pale.

Hapo ndipo alipoingia shangazi yako Somoe. Alikuwa ameteremka kutoka shamba, korosho zimekwisha, amekuja kupumzika kwa kaka yake, yaani kunisimamia jikoni kwangu.

"Wifi, kidonda gani hicho kisichosikia dawa?"

"Kidonda tu, wifi."

"Mdomoni mwako wewe hakuna kidonda tu. Hayo ni ya watu. Kuna mtu umemsema, na moyo wake haujakuwia radhi."

Nikamcheka. Lakini nilipojinyoosha kitandani nikaanza kuwahesabu niliowasema, na usingizi ukanichukua sijafika hata nusu ya mtaa wetu. Nilipoamka nikamwambia Somoe kweli, pengine ni radhi. Tena alinipa na masharti: radhi ya jumla haishiki, lazima uende kwa mtu na utaje ulilomsema. Nikakaanga vitumbua, nikatia kwenye kapu, nikajifunga khanga, nikatoka.

Nikaanza na Bi Zainabu, jirani wa nyuma. Nikamwambia, "Jirani, nimekuja kukuomba radhi. Nilikusema." Akapokea vitumbua, akasema, "Ah, binadamu! Nimekusamehe duniani na akhera." Roho yangu ikatua. Nimeshainuka, nimeshafika mlangoni, nasikia nyuma yangu, "Ulinisemaje?"

Hapo ndipo ningekimbia. Lakini masharti ni masharti. Nikamwambia, "Nilisema pilau ya harusi ya mwanao iliongezewa wali wa jana." Bi Zainabu akaweka vitumbua chini. Kisha akasema, "Nani alikuambia?" Nikasema, "Hakuna aliyeniambia, jirani, niliionja." Akarudisha vitumbua kwenye kapu langu, kimoja kimoja.

Huyo hakuwa amejua kama nilimsema! Alikuwa anaishi zake kwa amani. Mimi ndiye niliyempelekea, moto moto, mlangoni.

Unadhani nilijifunza? Nikaenda kwa Mzee Bakari wa duka la vyombo, nikamwomba radhi kwa kusema kwamba hina ya ndevu zake ni ya kumficha umri mke mdogo. Mke mdogo alikuwa nyuma ya pazia, anapanga masufuria. Nikasikia sufuria limeanguka. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, nikamwambia, "Mwalimu, nilisema hufupisha dua ukisikia harufu ya biriani." Yule mzee alicheka akafuta machozi kwa kilemba, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, ila rekebisha, ni pilau." Huyo ndiye pekee niliyetoka kwake na kapu jepesi.

Baada ya siku chache mtaa ulikuwa hauongeleki. Watu walikuwa wanaulizana sokoni, "Kwako ameshapita?" Walionisamehe hawanijibu salamu, na wasioijua habari wakawa wanakwenda kuulizia wenzao walisemwa nini. Halafu akaja Mama Hadija, yule wa karibu na boma, amevaa vizuri na uso umemvimba. "Mama Athumani, umeingia nyumba ya kulia kwangu, umeingia nyumba ya kushoto. Kwangu hukugonga. Ina maana mimi si mtu wa kusemwa?" Nikamwambia, "Mama Hadija, wallahi sijawahi kukusema." Akaanza kulia. Basi nikamtungia. Nikamwambia nilisema anajidai kwa sababu ya uzuri wake. Akanisamehe pale pale, akaondoka anatembea kwa mikogo, na kesho yake aliwatangazia watu wote.

Baba yako alikaa kizingitini akaniangalia, akasema, "Mama Athumani, ulikuwa na kidonda kimoja. Sasa tunacho mtaa mzima."

Na kidonda chenyewe, mwanangu, hakikuwa na habari. Mimi naomba radhi, chenyewe kinakua. Maumivu yakawa yanapanda mpaka sikioni, chai siwezi, pilipili siwezi, na bado nasema labda kuna mtu nimemsahau. Miezi hiyo ilivyokwenda nikiifikiria najisikia kujichapa.

Akabaki mmoja, Somoe mwenyewe. Huyo ndiye niliyemsema kuliko wote, ningefanyaje, ni wifi yangu. Nilimkuta uani anamenya muhogo. Nikakaa kitako, nikamwambia, "Na wewe wifi unisamehe."

"Mimi? Mimi umenisema nini?"

"Nilisema mchuzi wako chumvi yake inasikika mpaka kwa jirani. Na nilisema mumeo hakubaki shambani kulinda nguruwe pori, anakimbia kukoroma kwako, maana msimu huu nguruwe wanafuata nini?"

Athumani, shangazi yako alirusha kisu kikaenda kuchoma kwenye mgomba. Akaja akanikamata kidevu kwa mikono miwili. "Haya fumbua! Fumbua huo mdomo niuone ulivyo, mdomo wa namna hii!" Nami nikafumbua, kwa sababu nilikuwa na jibu. Sikuwahi kulitoa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachungulia, na ule ukali wote umemtoka. Akatia kidole, kidole kinanuka muhogo, akabonyeza pale pembeni.

"Wifi," akasema polepole, "mbona huku kugumu?"

"Kugumu vipi?"

"Kugumu. Na hapa chini ya taya pana kitu. Hiki si cha maneno, wifi. Vaa baibui twende."

Ulimi wangu ulikuwa umezungumzwa Kivinje nzima. Ulikuwa umepikiwa vitumbua, umeombewa dua, umeliza watu. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuchungulia. Si mimi, si baba yako, si yule aliyeniuzia dawa ya zambarau. Wa kwanza kuangalia ndani alikuwa mtu aliyetaka kunipiga. Namshukuru Mungu kwamba nilimsema Somoe, nisingemsema ningekuwa nimeshazikwa.

Hospitalini kwenye foleni mama mmoja akaniuliza naumwa nini. Nikasema, "Mdomo." Foleni nzima ikaangua kicheko, wananijua. Mzee mmoja akasema, "Huo hauna dawa, mama, mwachie Mungu." Na mimi nikacheka nao, na kucheka kwenyewe kunauma. Lakini daktari aliponichungulia hakucheka. Akaandika karatasi ya kwenda Dar upesi.

Dar alinipokea dokta mmoja, msichana mdogo, ningeweza kumtuma chumvi dukani. Wakakata kinyama kidogo, wakakipima, siku ya majibu akasema, "Mama, ni saratani." Nikamwambia, "Saratani ni nyota ya baba Athumani, mwanangu. Mimi nyota yangu ni Mizani." Akamwangalia Somoe. Somoe alikuwa ameshaficha uso kwenye ukaya. Ndipo nilipoelewa kwamba hatuzungumzi habari za nyota.

Sikulia pale. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu lazima imshukie mtu. Ukutani kulikuwa na ramani ya dunia, kubwa, imechakaa pembeni, imepakwa rangi kuanzia manjano hafifu mpaka nyekundu ya damu. Nikamuuliza yule dokta ile ni ya nini. Nadhani aliona nataka kitu cha kushika, akaacha kalamu akanieleza. Akasema ni saratani hii hii ya kinywa, ilivyoenea kwa walimwengu. Huku India na jirani zake nyekundu, ni tambuu, popoo na tumbaku. Nikasema, "Ala! Kumbe tuna wenzetu." Huku Ulaya ni sigara na pombe, na siku hizi kuna kirusi kinachoambukizwa baina ya watu kinachoshika kooni. Nikamwambia kwa hiyo matajiri nao wanaipata. Akasema wanaipata sana, lakini wengi wao wanapona, kwa sababu inaonekana ikiwa changa. "Kule mtu anakwenda kwa daktari wa meno hata kama meno hayamuumi."

Nikafikiri ananitania. "Anakwenda kufanya nini sasa? Kumsalimia?"

"Kuchunguliwa tu, mama. Anafumbua mdomo, anachunguliwa, anarudi nyumbani."

Nilicheka, Athumani. Nilicheka na ulimi ule ule. Nilimwona mtu kajifunga vizuri, kachukua na mwavuli, anakwenda kumfumbulia mwenzake mdomo usiouma. Kisha nikaacha kucheka, maana nilikumbuka kapu la vitumbua nililolizungusha.

Akanieleza na jambo jingine ambalo sikulisahau. Nchi ikianza kupata uwezo kidogo, akasema, kitu cha kwanza kuingia ni sigara na chupa za pombe. Daktari wa meno anakuja mwisho, na katikati hapo ndipo watu wanapokufa. Nikamwambia hilo halinishangazi, mume wangu alipouza korosho alinunua redio yenye spika mbili, na jiko halijaezekwa mpaka leo.

Halafu nikamuuliza, "Na Kilwa iko wapi?" Akaweka kidole. Ilikuwa kijivu. Huku kwetu kote, na sehemu kubwa ya Afrika, kwenye ramani ile ya zamani, ilikuwa kijivu tupu.

"Hapo ina maana hatuumwi?"

"Hapana, mama. Ina maana hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Watu wanaumwa, wanatibiwa kwa wanavyojua, wanazikwa. Hakuna aliyewachungulia, kwa hiyo hawamo."

Hilo ndilo lililoniliza. Ulimi niliambiwa unakatwa sikulia, nikaja kulilia rangi. Nilimkumbuka bibi yangu. Siku zake za mwisho alikuwa hali chochote, shavu limevimba, anauguzwa na wanawake wa nyumba nzima, na sisi tukisema ni jino. Alikuwa na meno gani ya kumuuma yule? Alikuwa kibogoyo! Tumemzika na jino ambalo hakuwa nalo.

Wakakata. Sitakueleza mambo ya kukata, utakuja kuyasoma huko na utayaona kwa macho yako. Ila dokta aliniambia, bila kunigombeza, kwamba ningewahi wangechukua kidogo kuliko walichochukua. Afadhali angenigombeza.

Nikarudi Kivinje bubu. Na hapo, mwanangu, watu wa mji huu wakanionyesha upendo ambao sikuutegemea. Bi Zainabu alikuwa wa kwanza, kaniletea uji wa mchele laini, akasema, "Na huu wali si wa jana." Kisha akakaa, akaanza kuniambia siri zake. Mzee Bakari akaja, naye akasema ya kwake. Mtaa mzima ukagundua pana mtu anayesikia kila kitu na hawezi kurudia. Walipanga foleni! Wewe ulipokuja likizo ukauliza kwa nini nyumba imejaa wageni, ndiyo hiyo sababu. Nilikaa na habari zile zote kifuani, nyingine tamu mpaka nilikuwa nalia, na ulimi wa kuzisema sina. Sijawahi kuteseka vile.

Sasa turudi kwenye shavu la kushoto.

Dokta aliniambia niache tambuu. Nikaacha. Yaani niliacha tumbaku, jani na chokaa. Popoo nikaona ni tunda tu, limeanguka mtini kama embe, lina ubaya gani. Yeye alisema popoo yenyewe peke yake inatosha kuniharibia, nilimsikia vizuri, ila nilisikia kwa sikio lile ambalo halifanyi kazi. Kwenye harusi nikipitishiwa nachukua kipande, nakiweka shavuni, sitafuni sana. Shavu la kushoto, maana la kulia lina kovu. Baba yako alikuwa anajua na akanyamaza, kwa kuwa mimi nilinyamazia redio.

Lile doa nililiona kabla yako. Tangu Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Niliona kwenye kioo cha kabati, nikafunga mdomo, nikaenda kukoroga unga. Nikamwambia Mungu labda ni jino limekwaruza. Nikasema nitakwenda Dar baada ya wewe kuondoka, halafu nikasema baada ya korosho, halafu nikasema baada ya ndoa ya binti wa Mama Hadija. Ungebaki hapa, Athumani, ningekutumia wewe kuwa sababu nyingine. Ningesema mwanangu yupo, ananitazama, nitakwenda kufanya nini? Wewe ungenimulika kila jioni kwa tochi, mimi ningesema halijakua, wewe ungesema halijakua, na hivyo hivyo tungelilea pamoja mpaka likawa mtu mzima.

Nakwambia kitu ambacho sijamwambia hata Somoe. Naogopa. Naogopa mno. Mara ya kwanza sikuogopa kwa sababu sikujua. Sasa najua harufu ya kile chumba, najua kuamka unataka kusema "maji" na kinywani hakuna wa kulisema. Naogopa watachukua hiki kilichobaki, na hata thaa zangu nitazililia. Jana uliponimulika sikufunga mdomo kwa ukali. Nilifunga kwa woga.

Lakini naogopa zaidi wewe kubaki. Hapa Kivinje tunajua midomo ya wenzetu kwa kinachotoka. Cha ndani hakijui mtu. Nenda kasome. Halafu kama Mungu akipenda urudi, ukae hapa hapa, na watu waje wafumbue midomo isiyowauma, na wewe uchungulie, na uandike. Watakucheka mwanzoni. Watasema, "Huyu mtoto wa Mama Athumani, mama yake aliwaumiza watu kwa mdomo, yeye anawatibu midomo." Waache. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na Bi Zainabu nitamleta kwa nguvu.

Basi sikiliza nilivyopanga, na usije ukanipigia kelele maana nimeshamaliza. Asubuhi nilipokwenda sokoni sikwenda sokoni. Nilikwenda kwa wakala wa basi. Kiti kile cha pembeni yako ulichosema huenda akakaa mtu mnene, amekaa mtu mnene. Ni mimi. Nyuma yetu atakaa shangazi yako Somoe, na kwa hiyo hatutalala mpaka Dar. Vitumbua atakaanga baba yako, nimeshawaomba radhi wateja, safari hii kabla ya kosa.

Tukifika Mbagala tunashuka wote. Wewe unakwenda kupanda basi la Mbeya la jioni. Mimi na Somoe tunakwenda hospitali, kwa yule dokta mdogo, nifumbue mdomo. Usinisindikize. Usiseme utapitia dakika mbili tu. Nakujua, utapitia, utakaa, utalala kwenye benchi, na basi litaondoka. Nikigeuka nikakuona nyuma yangu, wallahi, Athumani, nageuza na narudi Kivinje kwa gari la kwanza na doa langu shavuni, na hapo tutakuwa tumekosa wote wawili. Lakini nikigeuka na nisikuone, nitaingia. Nitalia, ila nitaingia.

Kwa hiyo kesho tukiwa ndani ya basi usiniulize kitu. Nikikuuliza umelala vipi, sema vizuri. Nikikushika mkono, niache nikushike mpaka Mbagala, halafu uutoe wewe. Mimi sitaweza.

Mama yako,
atakayekuwa kiti cha dirishani, anajifanya hajaandika kitu.